Mwenye Hangari Asiyecheka

Kwa miaka kumi nilichekesha watu ndani ya hangari la mwanamke ambaye hakucheka hata siku moja. Masikio yake yalikuwa mazima na moyo wake haukuwa mgumu kuliko wa wengine. Alikaa hatua tano tu kutoka tulipochezea, kwenye benchi fupi, mgongo kwetu na uso kwa watazamaji. Watu wakivunjika mbavu, yeye aliwatazama mmoja mmoja kama anachagua mihogo sokoni. Mwanzoni jambo hilo liliniudhi sana. Nilikuwa najitupa chini na ndoo kichwani, hangari zima linapiga makofi, na nikiinua macho ninachokiona ni kisogo chake kimefunikwa mtandio, kimetulia tuli.

Tulimwita mwenye hangari, na mbele yake tulimwita Mama. Habari za kwao na za ukoo wake sizijui, na waliojaribu kumuuliza waliambiwa waende wakateke maji. Ninachojua ni kwamba hangari lile, banda kubwa la bati la kukamulia mawese pale Rumonge, Burundi, lilikuwa la Mgiriki mmoja, na yeye ndiye aliyewasimamia wakamuaji wake. Uhuru ulipokaribia Mgiriki akafunga masanduku, akamwachia ufunguo na kusema atarudi. Hakurudi. Ufunguo ule mama aliuvaa shingoni kwa uzi, akalala nao na kusali nao, na sikuwahi kumwona bila huo ufunguo, hata ulipofika wakati ambapo hangari lenyewe halikuwa na mlango.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko. Wenzangu walikuwa mvuvi mmoja mnene, kinyozi, na karani wa ghala la pamba. Mwaka ule wa uhuru kila mtu alikuwa na cha kuonyesha, wengine ngoma, wengine bendera, na sisi tukaonyesha bwana mkubwa wa Kizungu anayefunga mizigo kurudi kwao na anataka kuondoka na ziwa. Mimi nilikuwa bwana mkubwa. Mvuvi mnene alikuwa boi wangu, anajaza Ziwa Tanganyika kwenye chupa za bia kwa kijiko, na kila chupa ikijaa analalamika kwamba ziwa bado halijapungua. Tulikuwa tunacheza sokoni, kwenye vumbi. Siku moja mvua ikatukimbiza, watu wote wakakimbilia barazani kwa mama huyo, akafungua mlango akasema tuingie, tumalizie, mapipa tusiyaguse.

Tulipomaliza aliniita. Nilidhani atanipongeza, kwa kuwa nilikuwa kijana na kijana hudhani hivyo.

"Yule mwanamuke wa mbele, mwenye kitenge cha manjano, ni nani?" akauliza.

"Ni muke wangu, Mama."

"Mwambie siku zote akae pale pale. Yeye anacheka mbele ya wengine."

Kuhusu mimi hakusema neno. Lakini alikuwa ameona jambo ambalo mimi, niliyelala na mwanamke yule kitanda kimoja, sikuwa nimeliona. Watu wa kwetu hawapendi kuwa wa kwanza kucheka. Kila mmoja anamtazama jirani yake kwanza, asije akaonekana mwepesi. Mke wangu alikuwa ameusikia mchezo mzima nyumbani nikiufanyia mazoezi huku yeye anapepeta mchele, kwa hiyo kicheko chake kilimtoka kabla kichekesho hakijafika. Akianza yeye, hangari zima linafuata. Mwenye hangari alimtandikia mkeka wa mbele, katikati, na mtu mwingine akikaa pale aliondolewa kwa mkono.

Sasa niseme shida iliyokuwa inatukaba, maana bila hiyo huwezi kumwelewa mama yule. Watazamaji wetu walikuwa wavuvi na wake zao. Wavuvi wa kwetu hufanya kazi wakati wa giza, kwa taa, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaifuati taa. Kipindi cha giza mvuvi ana ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, lakini usiku yuko majini na mchana amelala. Kipindi cha mbalamwezi yuko bure kutwa nzima, anatengeneza nyavu na kugombana na mkewe, lakini hana kitu. Kwa ufupi, wenye chochote hawakuwa na nafasi, na wenye nafasi hawakuwa na chochote. Miaka miwili ya kwanza tulicheza kwa furaha ya uhuru tu. Furaha hiyo ikaisha. Ng'ambo ya ziwa, Congo, kukaingia vita, wanunuzi wa mawese hawakuvuka tena, mafuta yakaganda mapipani, chumvi ikawa ya kutafuta. Kinyozi alisema waziwazi kwamba yeye atarudi kunyoa vichwa, kwa sababu nywele zinaota hata wakati wa njaa.

Siku kadhaa baadaye mwenye hangari akatoka na jambo lake la vitunga.

Wakati wa giza, mwanamke wa mvuvi alileta ndagala wakavu kwenye kitunga chake, kikapu kidogo cha kusuka, akammiminia mama, na kitunga kitupu kikatundikwa kwenye boriti za hangari. Kilikaa huko juu mpaka mwezi ujae. Siku ya mchezo, alasiri baada ya sala, mwenye kitunga alikuja, akatazama, akacheka, na wakati wa kutoka mama alichukua mti wake mrefu wenye ndoano, akakishusha, mtu akaenda nacho kwao. Basi. Kila mwanamke alifunga uzi wake wa rangi kwenye mpini ili asipoteze chake. Wa mke wangu ulikuwa wa manjano. Nilimwambia mke wa mchezaji hana haja ya kulipa. Akaniambia kwamba yeye hawezi kucheka kwa nguvu kama amekaa bure.

Sharti lilikuwa moja tu: kitunga anapewa aliyekitundika. Si mumewe, si dada yake, si mtoto. Wanaume walilipigia kelele sharti hilo, lakini yeye alijua kwa nini ameliweka. Ndagala walianikwa na wanawake, na wanaume walitaka kuja kutazama kwa vitunga vya wake waliowaacha nyumbani na sufuria. Nakumbuka mwanamume mmoja alitoka Minago kwa miguu, jasho limemlowesha, akasema mkewe amejifungua jana, amemtuma atazame badala yake na kumchukulia kitunga.

"Amahoro, amani kwa muke wako, na mutoto akuwe," mama akamwambia. "Lakini kitunga hapana. Atakuja yeye."

"Mama, nimetembea tangu asubuhi."

"Na yeye atatembea akipata nguvu. Kitunga hakiozi."

Akampikia ugali, akampa mafuta ya mawese ya mzazi na samaki wawili wakubwa wa kupeleka, akamwazima na sufuria yake mwenyewe ya kubebea. Kitunga kikabaki juu. Mwezi uliofuata mwanamke akaja na mtoto mgongoni, akacheka mpaka mtoto akaamka. Tangu siku ile watu walizoea kusema kwamba kitunga kikiwa bado kinaning'inia kwa mama, basi mwenyewe anangojwa.

Alikuwa na neno lake alilolitumia kwa kila jambo: "Watu walishalipa." Ukimwambia una homa, watu walishalipa. Ukimwambia mvua inavuja jukwaani, watu walishalipa. Mama mzazi wa mvuvi mnene alifariki katikati ya wiki ya mbalamwezi. Mwenye hangari alikwenda msibani kabla ya ndugu wenyewe, akapika siku tatu, akalala chini na wafiwa, akawaosha watoto. Siku ya nne asubuhi akamkalia mvuvi karibu, akamshika goti.

"Watu walishalipa," akamwambia polepole.

Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Mvuvi akaja, akavaa, akaingia. Kwenye mchezo alikuwa na mahali pa kulia kwa kupoteza kuku, naye akalia kilio cha kweli, kirefu, cha mamake. Watu wakacheka mno, hawajui. Mke wangu peke yake hakucheka, alijifunika uso kwa kitenge. Baadaye mvuvi alituambia kwamba pale ndipo alipolia vizuri, maana nyumbani kila akitaka kulia walimwambia ajikaze. Sijui kama mama alilipima jambo hilo mapema au lilimtokea tu. Kwa mtu kama yule ilikuwa shida kujua.

Baada ya kila mchezo tulimwendea tukiwa bado na rangi usoni, tukamuuliza, "Umeona nini, Mama?" Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Hakutuambia kama tumecheza vizuri. Alituambia habari za watu.

"Yule muzee wa nguzo ya pili anacheka kwa mudomo, macho hapana. Nyumbani kwake hakuna chakula. Karani, umupelekee muhogo, useme ni wa sadaka ya mwezi."

Au alisema, "Yule dada mwenye kovu leo alikaa mbali na bwana wake. Kinyozi, muke wako amutembelee."

Ndipo nilipoelewa kwa nini anatupa mgongo. Ndagala wa watu waliingia kwake na sehemu kubwa ikawarudia watu haohao kwa mlango wa nyuma, baada ya yeye kuwaona wakicheka. Sisi wachezaji alitulisha, lakini kwa jasho. Asubuhi tulizungusha mashine ya kukamua mawese, wanne tumeshika mti mmoja kama ng'ombe, na yeye pembeni anatuhimiza. Mvuvi mnene alisema kwamba hakuna kikundi kingine duniani ambacho wachekeshaji wake wananuka mafuta namna hii. Hiyo nayo tukaiingiza kwenye mchezo.

Na alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alikuwa mchoyo wa sabuni kupita kiasi, kipande kimoja alikikata kwa uzi mara tano, lakini mabati ya paa yalipoliwa na kutu aliuza bangili zake zote akanunua mapya, akarudi na mikono mitupu na kutugombeza kwamba tunamtazama mikono. Alisali sala zote tano, na sheikh alipomfuata kumwambia kwamba mambo ya hangarini ni upuuzi, alimkaribisha kwa heshima, akamwekea kahawa, akamwambia, "Sheikh wangu, hawa wakitoka hapa wanarudi kwao hawapigani. Niombee tu paa lisivuje." Aliishi hatua chache kutoka ziwani na aliogopa maji kama paka. Hakuwahi kupanda mtumbwi. Hata miguu aliioshea nyumbani.

Siku moja akaja mkubwa mmoja wa chama, viatu vyake vinang'aa, akiwa na ahadi ya viti na ya taa za umeme. Alitaka hangarini ichezwe michezo ya kukisifu chama, na watu wa kukaa mbele awachague yeye. Tulikuwa na njaa. Karani aliniminya mkono, akitaka nikubali kabla mama hajafungua mdomo.

"Tutashukuru sana, bwana musye," mama akasema. "Kitunga chako kiko wapi?"

Yule bwana akadhani ni utani, akacheka. Mama akamweleza sharti lote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya upole, kama anavyomweleza mwanamke mgeni wa Muhuta. Kisha akampa dumu la mawese mazuri na kumsindikiza hadi kwenye gari. Viti hatukuviona. Karani alinuna wiki nzima, nami nilinuna pia, kwa sababu njaa ile ilikuwa yangu na mke wangu alikuwa amekonda.

Ulipofika mwaka wa sabini na mbili tulikuwa tunajikokota. Wengi walisema tutafunga. Ajabu ni kwamba kipindi cha giza cha mwezi wa nne mwaka ule kilikuwa na baraka, mitumbwi ilirudi imejaa, na vitunga vikapanda juu mpaka boriti zikawa hazionekani. Mama alitembea chini yake akiangalia juu, na kwa mara ya kwanza nilimwona anapungukiwa na ukali. Alisema vikijaa namna hii mara tatu tu, hangari litapona.

Tukatunga mchezo mpya. Ulikuwa wa bwana mmoja mpenda zawadi ambaye suruali yake ni kubwa mno, hana mkanda, lazima aishike kwa mkono mmoja. Wanavijiji wanamletea zawadi, kuku, asali, mbuzi. Sasa kwetu zawadi haipokelewi kwa mkono mmoja, ni ukosefu wa adabu. Kila akipeleka mikono miwili, suruali inaanguka, anabaki na kaptula. Anataka zawadi, anataka adabu, anataka suruali, na mikono ni miwili tu. Mke wangu alicheka nyumbani hadi akakaa chini, hata kabla sijaonyesha namna inavyoanguka.

Suruali yenyewe ilishonwa na fundi mmoja wa Nyanza-Lac, ambaye peke yake alikuwa na kitambaa cha kutosha. Mchezo ulikuwa Jumapili alasiri. Ijumaa nikapanda baiskeli kuifuata. Mke wangu alinisindikiza hadi hangarini, tukaangalia kitunga chake cha uzi wa manjano kikiwa kimetundikwa karibu na nguzo ya kwanza.

"Usichelewe," akaniambia. "Nisije nikacheka peke yangu."

Kilichotokea Rumonge kuanzia Jumamosi ile sitakisimulia kana kwamba nilikiona. Kwanza walikuja watu wenye mapanga wakaua. Halafu wakaja askari wakaua, na hao wa pili walikaa muda mrefu. Mimi nilikuwa Nyanza-Lac na suruali mkononi. Nilijaribu kurudi, nikakuta barabara imejaa watu wanaokuja upande wangu, hawajibu salamu. Nilijaribu tena kwa kupita michikichini, nikarudishwa na milio ya bunduki. Siku ya tatu watu walitusukuma hadi ufukweni, mtumbwi ukanibeba kwenda Kigoma, baiskeli ikabaki mchangani. Suruali nilikuwa nimeifunga kiunoni. Iliniokoa, kwa sababu kama isingekuwa yenyewe ningekuwa nyumbani. Tangu siku hiyo nimeichukia, na sijaweza kuitupa.

Miaka miwili nilikaa upande wa Kigoma nikiziba pancha. Kila mtumbwi ukifika nilikuwa nimesimama pale. Mmoja aliniambia mke wangu amevuka kwenda Uvira. Mwingine alimwona Nyanza-Lac anauza muhogo, amenenepa. Mwingine aliniambia nioe. Watu wa Rumonge hasa, wale wa mtaani kwetu, hawakunijibu lolote la maana. Nilipowabana waliangalia pembeni na kusema kitu kimoja: "Muulize mwenye hangari. Yeye ndiye anajua nani iko na nani hayuko." Wote walijua kwamba yeye hakuvuka. Wengine walisema ni ile hofu yake ya maji. Wengine walisema alibaki kwa ajili ya vitunga.

Kwa hiyo nikarudi. Nilishuka Rumonge asubuhi, na niliyoyakuta mtaani kwangu sitayaeleza, maana nyumba yangu ilikuwa na watu nisiowajua. Nikaenda moja kwa moja hangarini. Mlango haukuwapo. Mapipa yalichukuliwa, mashine ilichukuliwa, bati za upande mmoja zimeng'olewa. Lakini nilipoinua macho, vitunga vilikuwa bado viko juu. Nani ataiba vitunga vitupu? Vimeshika vumbi na utando wa buibui, vingine vimelowa mvua na kupinda. Karibu na nguzo ya kwanza niliuona uzi wa manjano, umefifia. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kitunga kinaning'inia, basi mwenyewe anangojwa.

Mama alikuwa kwenye benchi lake, amekwisha sana, ufunguo shingoni. Alinitazama kama vile nimetoka dukani.

"Umechelewa," akasema. "Watu walishalipa."

Nikapiga magoti, nikamsalimu. Alinishika kichwa. Alinipa uji. Kisha akanieleza habari za wenzangu bila kuzunguka: karani alichukuliwa ghalani, kinyozi alichukuliwa na wembe wake mkononi, mvuvi mnene aliingia ziwani na watu wengi mno katika mtumbwi mmoja. Alizungumza huku anautazama mlango usiokuwapo.

"Na muke wangu, Mama?"

"Suruali umeleta?"

"Ninayo. Mama, muke wangu iko wapi?"

"Mwezi umejaa. Kesho alasiri utacheza. Cheza kwanza."

Nilimsihi. Nililia mbele yake kama mtoto. Alirudia neno hilohilo, cheza kwanza, mpaka nikamkasirikia, nikatoka nje nikakaa juani. Nikiwa pale akaja mwanamume mmoja wa mtaani, akamwomba kitunga cha dada yake, kama ukumbusho, akasema dada hatarudi, kila mtu anajua. Nilimsikia mama akimkatalia.

"Alipokitundika wewe ulikuwapo? Kitunga anapewa aliyekitundika. Njoo kesho utazame."

Nikajiambia, ona, hata cha dada wa yule hakitoi, basi wote bado wanangojwa. Nikalala usingizi mzuri kuliko siku zote za Kigoma, Mungu anisamehe.

Siku iliyofuata watu walikuja. Wachache, wengi wao wanawake, na wazee watatu. Waliingia wameinama, wakakaa. Mama alikaa kwenye benchi, mgongo kwangu. Nilicheza peke yangu nafasi zote nne. Nilifanya sauti ya karani, nilifanya mwendo wa kinyozi, nilijaza tumbo hewa kwa ajili ya mvuvi. Niliishika suruali kwa mkono mmoja, nikajiletea kuku, nikasita, nikapeleka mikono miwili, suruali ikaanguka. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alianza, akajiziba mdomo kwa kitenge. Kila mtu alikuwa anamtazama jirani yake. Nilijiletea asali, nikajiletea mbuzi, suruali ikaanguka tena na tena, na kila mara kabla haijaanguka nilisubiri kile kicheko cha mbele, kinachofika mapema. Nikaangalia mkeka wa mbele. Watu walikuwa wamebanana kulia na wamebanana kushoto, bega kwa bega, na katikati pamebaki wazi. Nikadhani wanaona haya kukaa karibu nami. Nikaendelea mpaka mwisho, kwa sababu watu walishalipa.

Walipotoka, waliokuwa na vitunga vyao walishushiwa kwa ule mti wenye ndoano. Vilikuwa vichache. Walisema murakoze, asante ya kwetu, wakaenda. Juu vikabaki vingi kiasi kwamba hukuweza kuona tofauti.

Nilimwendea nikiwa na jasho, mkono mmoja kwenye suruali, nikamuuliza kama tulivyozoea.

"Umeona nini, Mama?"

Alikuwa bado anautazama mkeka.

"Nimeona watu wote wanajua," akasema. "Hakuna aliyekaa pale kwa muke wako."

Kisha akainuka. Alikwenda mpaka kwenye nguzo ya kwanza, akapeleka mti juu, akakosa mara ya kwanza, akakosa mara ya pili, halafu ndoano ikashika mpini wenye uzi wa manjano. Alikishusha. Alikipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio wake, ndani na nje, taratibu sana. Akaja nacho kwangu, akaninyooshea.

"Mama," nikasema, "kitunga anapewa aliyekitundika."

"Najua."

"Sharti ni lako mwenyewe."

"Najua. Chukua, mwanangu."

Mtu wa kwetu hapokei kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja. Nikapeleka mikono yote miwili. Suruali ikaanguka hadi miguuni, nami nikabaki nimesimama na kaptula, kitunga cha mke wangu kifuani, siwezi kuinama, siwezi kukiachia. Mwenye hangari akapiga magoti polepole, mifupa ikimlalamikia, akaiokota ile suruali, akanipandishia hadi kiunoni kama anavyovalishwa mtoto, akaishika pale kwa mikono yake.

"Kesho tena, alasiri," akasema. "Watu walishalipa."